Siku Spika Alipoulizwa Kama Amechanjwa

Jina lake la kuzaliwa alilijua mkewe, alilijua dada yake, na ililijua ofisi iliyompa kitambulisho. Sisi wengine tulimwita Spika. Alikuwa na pikapu kuukuu yenye vipaza sauti viwili juu ya paa, kimoja kimetazama mbele na kingine nyuma, na kazi yake ilikuwa kuzunguka mitaani akitangaza. Duka jipya limefunguliwa, Spika. Maji yatakatika kesho, Spika. Mtoto amepotea, kaptura ya bluu, miguu peku, Spika. Na kwa kuwa bungeni nako kuna spika, watani walikuwa wakimsimamisha barabarani, wanamwinamia na kusema, "Mheshimiwa Spika, naomba mwongozo wako!" Naye anatoa kichwa dirishani, anakunja uso kama mkubwa wa nchi, anajibu, "Keti, muda wako umekwisha."

Sauti yake ilikuwa nzito, haina mikwaruzo. Aliitunza kama wengine wanavyotunza magari. Hakunywa vya baridi, hakupiga kelele ovyo, na nyumbani alizungumza chini chini mpaka mkewe akalalamika. Mkewe alikuwa fundi cherehani, cherehani yake iko sebuleni karibu na dirisha. "Mtaa mzima unamsikia mume wangu," alikuwa akiwaambia wateja, "isipokuwa mimi."

Spika alikuwa na msimamo mmoja katika kazi: hakuongeza neno lake. Ulichompa ndicho alichotangaza. Ukimwuliza kama sabuni ile kweli inatoa madoa ya mafuta, anakujibu, "Mdomo wangu, maneno ya mwenyewe." Hakuona aibu kusema hivyo. Aliona ndio uaminifu wenyewe.

Halafu ikaja korona. Mikutano ikapigwa marufuku, mpira ukasimama, harusi zikafanyika kimya kimya, na kazi za Spika zikakauka. Zilizobaki zilikuwa za aina mbili tu, kunawa mikono na misiba. Za kunawa mikono alizitangaza mpaka watoto wakawa wanamwigiza, wamejiwekea makopo mdomoni. Za misiba hakuna aliyeziigiza. Mwanzoni zilikuja mojamoja. Baadaye akawa anaambiwa asubiri kidogo kabla ya kuwasha gari, huenda kuna nyingine.

Mmoja wa waliokwenda alikuwa fundi redio, rafiki yake wa siku nyingi, yeye ndiye aliyemfungia vile vipaza sauti. Alianza na kikohozi ambacho mwenyewe alikidharau, akapelekwa hospitali kubwa, hakurudi. Spika alimtangaza mwenyewe. Alipofika kwenye mtaa wa marehemu sauti ikakatika katikati ya jina. Watu wakadhani ni waya. Mkewe alipomwuliza, naye akasema ni waya.

Chanjo ilipofika, maneno yalikuwa yameshatangulia kufika. Makao makuu ya maneno yalikuwa kwa kinyozi, kibanda chenye kioo kirefu na benchi ambalo halikuwahi kukosa watu hata siku ambazo hakuna anayenyoa. Kinyozi alikuwa mtu wa watu, mcheshi, anajua habari zote na nyingine ambazo hazijatokea. Pale ndipo Spika alipoonyeshwa kwenye simu kijana aliyebandika kijiko begani kikaganda. "Umeona? Sumaku hiyo!" kinyozi akasema. Ukichanjwa huzai. Ukichanjwa unakufa polepole, baada ya miaka, bila kujua kimekuua nini. Lakini si yote yaliyosemwa pale yalikuwa ya kuchekwa. Mzee mmoja aliyekuwa akinyolewa ndevu aliuliza, "Mke wangu anaumwa sukari, dawa yake kila nikienda imekwisha. Hii ya bure imewezaje kufika haraka namna hii?" Kinyozi akaendelea kumnyoa.

Zahanati ilikuwa nyuma ya soko, jengo dogo lenye ukuta ulioanza kumenyuka rangi. Nesi wa pale tulimwita Sista, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi isidondoke anapoinama. Chupa moja ya chanjo ilitosha watu kadhaa, na ikishafunguliwa haifiki kesho yake. Sista alikuwa akikaa mbele ya mabenchi matupu na kisanduku chake cha barafu. Akija mtu mmoja anamfungulia chupa, anamchanja, na jioni anamwaga iliyobaki. Aliyekuwa akifagia pale alisema kumwangalia Sista akimwaga ile dawa kulimuuma kuliko kumwangalia akilia.

Basi Bwana Afya, ofisa aliyesimamia kampeni ya chanjo eneo letu, akamwita Spika. Akampa karatasi ya tangazo. "Usome kama ilivyo. Usiongeze chumvi."

"Mimi huwa siongezi kitu, mkubwa."

Akazunguka. "Ndugu wananchi, chanjo ni salama, chanjo ni bure, chanjo ni kinga yako na ya jirani yako. Fika zahanati leo." Asubuhi mpaka mchana, mtaa kwa mtaa, na sauti yake ikiwa nzuri kama kawaida. Mabenchi ya zahanati yakabaki vilevile.

Siku ya swali, alikuwa amesimamisha gari njia panda, pale penye mwavuli wa fundi viatu. Fundi viatu alikuwa mtu mwenye ulimi mkali. Alikuwa na kiatu cha mtu gotini na sindano ya kushonea mkononi, akaiinua ile sindano juu kama mbunge.

"Mheshimiwa Spika, naomba mwongozo!"

Watu wakacheka, wakasogea. Spika akatoa kichwa dirishani, maiki ingali mkononi, kidole bado kiko kwenye kitufe. "Mheshimiwa fundi, una dakika moja."

"Swali langu ni fupi. Wewe mwenyewe umechanjwa?"

Jibu la kawaida lilikuwepo: mdomo wangu, maneno ya mwenyewe. Alilifungulia mdomo, halikutoka. Baadaye alimwambia mkewe kwamba alimkumbuka fundi redio wakati ule, wala hajui kwa nini.

"Bado," akasema.

Neno likapita kwenye vipaza sauti vyote viwili, la mbele likaenda sokoni na la nyuma likaenda shuleni. Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka kwa kinyozi. Wengine walipiga makofi. Fundi viatu hakucheka. Aliteremsha mkono taratibu, akauliza, safari hii bila utani, "Kwa nini?"

"Naogopa."

Na kwa kuwa mtu akishafungua mlango huo hawezi kuurudisha nusu, akaendelea. Akasema walipokuwa wadogo, mdogo wake wa kike alishikwa na homa. Mama aliwachukua wote wawili mpaka kituo cha matibabu. Mdogo wake akapigwa sindano kwenye kalio, akalia sana, na tangu siku hiyo mguu wake mmoja haukuwa mguu tena. Mama alimbeba mgongoni kurudi nyumbani, Spika akiwa amebeba viatu vya mtoto. "Viatu alitoka nyumbani amevivaa," akasema. Toka hapo mama akaapa sindano haitaingia kwa mtoto wake yeyote, na kiapo kile wakakulia ndani yake. Alipomaliza kusema aligundua kitufe bado amekibonyeza.

Bwana Afya alimpigia simu kabla hajafika nyumbani. Hakutukana. Alisema tu kwamba serikali haiwezi kulipa mtu aogope hadharani, na kwamba kazi imekwisha, arudishe karatasi yao.

Jioni ile ndipo akaja huyo mdogo wake. Alikuwa mwalimu wa chekechea, na watu wote, hata wakubwa, walimwita Mwalimu. Hakupiga hodi. Waliusikia mwendo wake barazani, hatua moja nzito na nyingine ya kuburuta, kisha akaingia sebuleni, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Wifi, hujambo," alimwambia fundi cherehani. Kwa kaka yake hakusalimia.

"Mwalimu, karibu," Spika akasema.

"Leo nilikuwa darasani na watoto wa watu. Tupo kwenye herufi 'm'. Ma, me, mi. Mara nasikia mguu wangu unapita barabarani."

Cherehani ikasimama. Mkewe Spika alijiziba mdomo kwa kitambaa cha barakoa alichokuwa akishona, na mabega yake yakaonyesha kwamba anacheka.

"Mtoto mmoja akaniuliza, Mwalimu, ni wewe?" Mwalimu akamtazama kaka yake. "Nimwambie nini, kaka?"

"Nisamehe. Niliulizwa, nikakosa jibu lingine."

"Jibu ulikuwa nalo. Ulishasema unaogopa. Ungeishia hapo. Woga ni wako, mguu ni wangu."

Spika alitazama chini.

"Nikuulize," Mwalimu akaendelea. "Umewahi kuniuliza kama mimi naogopa sindano?"

"Sijawahi."

"Mama alikataa sindano kwa ajili ya mguu wangu. Wewe umekataa kwa ajili ya mguu wangu. Wifi hapa, ambaye hata hakuwepo, amekataa kwa ajili ya mguu wangu. Ninayechechemea ni mimi, lakini waliokaa chini ni nyinyi."

Mkewe Spika akaondoa kitambaa mdomoni. Hakuwa akicheka tena. "Kwa hiyo wewe wifi utachanja?"

"Sijasema hivyo. Mimi nina maswali yangu. Nimesema tu msiyaulize kwa niaba yangu." Akainuka. Mlangoni akageuka. "Na hivyo viatu, kaka. Sikujua kwamba ulivibeba wewe."

Kesho yake alasiri Sista alikuja, amevaa nguo za nyumbani. Spika alidhani amekuja kugomba. Sista akaomba maji, akakaa, akauliza kama anaweza kuonana na yule dada. Mtoto wa jirani akatumwa chekechea, Mwalimu akaja na chaki bado vidoleni.

"Nilikusikia jana kutoka zahanati," Sista alimwambia Spika, kisha akamgeukia Mwalimu. "Samahani kama ninauliza kisichonihusu. Ile sindano ilipigwa sehemu gani?"

Mwalimu alimwonyesha kwa mkono, juu ya nguo. Sista akauliza mguu ulilegea lini, unyayo unainuka au hauinuki, kuna ganzi wapi. Aliuliza taratibu, akisubiri kila jibu liishe. Kisha akavua miwani.

"Kuna mshipa wa fahamu unapita hapo. Mtoto mdogo hana nyama, na sindano ikipigwa pasipostahili inaugusa. Mimi sikuwepo, siwezi kuapa. Lakini kwa unavyonieleza, mliumizwa. Halikuwa jambo la kubuni."

Fundi cherehani ndiye aliyesikia kwanza kwamba wifi yake analia, maana alikaa karibu naye.

"Mama alirudi pale kuuliza," Mwalimu alisema. "Wakamwambia mtoto ana uvivu wa kutembea."

Sista hakumtetea mtu. Alisema pole, akaiacha ile pole ikae. Baadaye sana Spika alikuwa akisema kwamba kama Sista angeongeza hapo neno lolote kuhusu chanjo, hata moja, wangemwonyesha mlango.

Alipomaliza maji ndipo akasema lililomleta. "Lile tangazo sikuliandika mimi. Watu hawaji kwa sababu linawajibu kabla hawajauliza. Jana, baada ya wewe kuzungumza, wamekuja watu zahanati. Hawakuja kuchanja. Walikuja kuniuliza kama ni kweli sindano inalemaza. Ni mara ya kwanza tangu tuanze mtu ananiuliza kitu usoni. Mimi nataka twende wote njia panda, na gari lako, waniulize pale. Bwana Afya nitaongea naye."

"Atakubali?"

"Mabenchi matupu yamemchosha na yeye."

Spika alifikiri. "Nitakuja, lakini mimi ndiye nitakayeanza kuuliza."

Bwana Afya alikubali huku ananung'unika, akasema yakiharibika yeye hayumo. Na siku ya kwenda njia panda hakukaa mbali. Alisimama karibu na mwavuli wa fundi viatu, mikono nyuma, kama mtu aliyepita tu.

Spika aliuliza lake: sindano hii nayo inaweza kugusa mshipa? Sista akajibu kwamba inapigwa juu ya bega kwenye nyama, si kule, akaonyesha kwenye bega lake mwenyewe. Akasema kuna watu wachache sana duniani wamepata madhara makubwa, hawezi kuwaficha, na ndiyo maana baada ya kuchanjwa mtu anakaa kwanza pale pale wamwangalie. Mzee wa ndevu akauliza kuhusu haraka ile. Sista akasema utafiti wenyewe ulikuwa umeanza zamani kwa magonjwa yanayofanana, na safari hii dunia nzima iliogopa kwa pamoja, kwa hiyo fedha na watu vikapatikana kwa pamoja. "Na dawa ya sukari?" mzee akasisitiza. Sista akashusha pumzi. "Hapo una haki ya kukasirika, baba. Hata mimi nimekasirika." Bwana Afya akakohoa. Hakuna aliyemjali.

Binti mmoja, uso nusu kafunika, akauliza la kuzaa; Sista akasema utafiti haujaona kwamba chanjo inazuia uzazi. Mtu mwingine akauliza kama akichanjwa ndiyo haugui tena. Sista akasema anaweza kuugua, ila hatari ya kufikia kitanda cha oksijeni inapungua sana. Kisha muuza mboga akauliza ile kinga inakaa mwilini miaka mingapi.

"Sijui," Sista akasema, ndani ya maiki. "Bado wanachunguza."

"Nesi hajui!" fundi viatu akapaza sauti. "Mmesikia?"

"Mwache," muuza mboga akamjibu. "Hao wengine wote wanajua kila kitu, ndiyo maana siwaamini."

Mwalimu alikuwa amesimama nyuma ya umati. Alipoomba kusema watu walimpisha, na katika ile njia fupi kutoka nyuma hadi kwenye gari kila mtu aliutazama mguu, hata wasiotaka. Aliushika mkono wa kaka yake wenye maiki. "Mtu ambaye mshipa umeshaumia, kama mimi, anaweza kuchanjwa?"

"Anaweza. Nitakuchanja mimi mwenyewe. Utaiona sindano, utauona mkono wangu, ukisema acha nitaacha."

Mwalimu akafikiri, hadharani, bila haraka. "Haya," akasema. "Twende."

Spika alimpeleka kwa gari, vipaza sauti vimezimwa. Hakuweza kuingia ndani. Alikaa kwenye benchi la nje, mikono katikati ya magoti, na alipomwona dada yake anatoka kwa miguu yake alisimama ghafla kama askari.

"Wewe je?" Mwalimu akamwuliza.

"Kesho."

Kesho hiyo ilichukua muda. Siku moja gari lina tatizo, siku nyingine ana kazi, siku nyingine aliamka akihisi kama kooni kuna kitu. Mwalimu hakumsukuma. Alipita tu kila jioni akitoka shule, anainua mkono juu, anaukunja, anaukunjua, anakwenda zake. Hatimaye Spika akapiga moyo konde. Kwenye kiti alifumba macho, akakaza taya.

"Nimemaliza," Sista akasema.

"Hujapiga."

"Basi nenda nyumbani ukasubiri nipige."

Homa ilimpata usiku ule kama alivyoelezwa. Asubuhi mwili ulimuuma kana kwamba amebeba magunia, akabaki kitandani. Gari halikuwashwa. Nasi mtaani tulikuwa tumezoea kumsikia, kwa hiyo ukimya wake ukawa habari. Kabla jua halijapanda sawasawa kwa kinyozi walikuwa wanajua kwamba Spika alichanjwa jana, na leo hayupo. Kutoka "hayupo" mpaka "hayupo duniani" si mbali.

Mkewe alikuwa kwenye cherehani alipoona wanawake wameanza kukaa barazani, vitambaa kichwani. Akadhani ni wateja. Halafu akaja fundi viatu, amevaa shati safi, kavua kofia, macho mekundu. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Shemeji, pole sana. Mimi ndiye niliyemwuliza lile swali. Kama ningenyamaza..."

"Pole ya nini? Nani kafa?"

Ndipo Spika akatoka chumbani, amejifunga blanketi, anatafuta chai. Mwanamke mmoja barazani alipiga ukelele. Fundi viatu alimtazama toka miguuni hadi kichwani, akakaa chini pale pale sakafuni, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja.

Hakukuwa na la kufanya ila kwenda kutangaza. Mkewe akamkataza, hakusikia. Akaendesha gari na blanketi lake mabegani, sauti imekwaruza kuliko siku zote, na mtaa ukasikia hivi:

"Tangazo, tangazo. Mnaarifiwa kwamba anayesemekana amefariki ni mimi, na habari hizo si za kweli. Homa ninayo. Kichwa kinauma, bega linauma. Sista alinieleza kwamba itakuwa hivi, na imekuwa hivi. Mazishi hakuna. Anayetaka kuhakikisha afike nyumbani anione, ila asije mikono mitupu."

Watu walikuja kweli, wengine na matunda, wengine na macho tu. Walimgusa bega. Mmoja alikuja na kijiko, akakijaribisha, kikaanguka. Na kuanzia wiki ile Sista akaanza kupata watu wa kumaliza chupa. Hawakuwa umati. Walikuja wawili watatu, kila mmoja na swali lake, wengine walijibiwa wakaondoka bila kuchanjwa, na Sista akawaambia karibuni tena.

Ningependa kusema ugonjwa ukaishia hapo, lakini wimbi lingine lilikuja. Yule mzee wa ndevu, aliyekuwa amechanjwa, aliugua siku kadhaa akapona nyumbani. Kinyozi hakuchanjwa. Aliugua naye, na yeye hakupona. Kibanda kikafungwa, kioo kikageuzwa kikatazama ukuta.

Bwana Afya alimfuata Spika kabla hajakwenda kutangaza msiba ule. Alizungumza kwa upole, na nadhani alimaanisha mema. "Ongeza kidogo tu. Sema marehemu hakuwa amechanjwa. Watu watajifunza."

"Hapana, mkubwa."

"Itaokoa watu."

"Labda itaokoa. Lakini mama yake atakuwa amekaa barazani anasikiliza." Spika akaingia garini. "Mtu huyu alininyoa miaka yote hii. Sitamfanya mfano."

Akatangaza jina, ukoo na saa ya mazishi, na safari hii sauti haikukatika. Alipomaliza mtaa wa mwisho alizima gari kando ya barabara, akakaa humo muda mrefu. Alijiuliza kama amefanya sawa. Aliniambia mwenyewe kwamba mpaka leo hajui. Kuna siku anaona alimheshimu rafiki, na kuna siku anafikiri huenda kuna mtu mmoja mahali fulani ambaye angelisikia lile neno akaenda zahanati.

Mkewe alichanjwa baadaye, alikwenda na wifi yake bila kuaga. Spika aliligundua alipomwona anashona kwa kuegemeza mkono. "Na usitangaze," akamwambia.

Fundi viatu hajachanjwa mpaka leo. Juzi juzi nilikuwa pale chini ya mwavuli wakati Spika amekuja kubandikiwa soli, wakawa wanabishana kama kawaida yao.

"Bado unaogopa?" Spika akamwuliza.

"Siogopi. Sitaki tu."

"Hayo ni mambo mawili?"

Fundi viatu alivuta uzi, akaukata kwa meno, akakipigapiga kiatu kwenye goti. "Wewe ulipoogopa nilikuuliza kwa nini. Mimi hujawahi kuniuliza kwa nini sitaki."

Spika alikuwa na kazi ya kutangaza chanjo ya surua ya watoto, na alikuwa ameshachelewa. Alitazama gari, akamtazama fundi viatu. Kisha akavuta kigoda, akakaa, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna.

"Haya," akasema. "Kwa nini?"